Melatonini na vidonda vya tumbo: majibu ya maswali mnayoniuliza kila siku hapa kaunta

Nafanya kazi kwa kemisti hapa Nakuru, sasa ni miaka 11, na sikumbuki wiki imepita bila mtu kuinamia kaunta, ashike tumbo hapo juu ya kitovu, aniambie "daktari, hii alsa itanimaliza". Mimi ni mtu wa dawa, si daktari, lakini ndivyo mnatuita na najibu. Siku hizi swali limegeuka kidogo. Watu wanakuja wakiuliza melatonini, ile ya usingizi, ati wameskia inaponya vidonda vya tumbo. Kuna ukweli hapo, tena ukweli mtamu sana wa sayansi, lakini mwenye anakuelezea huwa anakata hadithi katikati, na ile nusu anaiacha ndiyo inaweza kukufanya utapike damu. Kwa hivyo nimeketi nikaandika maswali vile huwa mnayaleta, na majibu vile ningekupa kama hakungekuwa na foleni nyuma yako.

Melatonini si ni dawa ya usingizi tu?

Ni homoni, kitu mwili wako unatengeneza wenyewe. Daktari mmoja wa ngozi Marekani, Aaron Lerner wa Yale, ndiye aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1958, akitumia tezi ndogo za ubongo wa ng'ombe, na wala hakuwa anatafuta usingizi, alikuwa anatafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi. Baadaye ndio ikajulikana hiyo tezi, inaitwa pineali, inaachilia melatonini giza likiingia na inafikia kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku. Kukicha inashuka. Ndio maana inauzwa kama ya usingizi, hasa kwa watu wa kusafiri na ndege nchi za mbali.

Sasa inaingilia wapi kwa tumbo langu?

Hapa ndio watu wengi hushangaa. Utumbo wako una melatonini nyingi kuliko ubongo, na si kidogo, makadirio yanayotajwa sana ni kama mara 400 zaidi ya ile iko kwa tezi ya pineali. Inatengenezwa na seli fulani zilizojipanga kwa ukuta wa tumbo na utumbo, zilezile zinazotengeneza serotonini, na malighafi yake ni triptofani ambayo unaipata kwa chakula cha protini. Hii ya tumboni haingoji giza sana, inatoka ukila.

Fikiria hivi. Tumbo lako linashika asidi kali usiku na mchana, asidi ya kuweza kuyeyusha nyama, na tumbo lenyewe ni nyama. Kitu gani kinazuia lisijile? Ni ute unaoteleza juu ya ukuta, baikaboneti chini ya huo ute inayopoza asidi, damu inayopita kwa mishipa midogo ikileta chakula na kubeba uchafu, na seli mpya zinazozaliwa kila siku kuchukua nafasi ya zile zimechoka. Melatonini ina mkono karibu kwa hayo yote.

Inasaidia kidonda kupona kivipi haswa?

Nitaeleza polepole juu hapa ndipo penye utamu.

Kidonda cha tumbo ni shimo. Ukiona picha ya kamera inayoshushwa tumboni kwa mrija utaona duara jeupe au la manjano limezungukwa na nyekundu iliyovimba, kama mahali kaa la moto limeangukia kitambaa. Ili lizibe, seli za pembeni lazima zitambae ziingie katikati, na haziwezi kutambaa bila damu. Kazi ya kwanza ya melatonini iko hapo, inafungua mishipa midogo kwa kuongeza naitriki oksaidi na prostaglandini. Shika hilo neno prostaglandini, tutalirudia kwa swali la diklo, yaani diklofenaki ya maumivu, ndilo limebeba hii hadithi yote.

Kazi ya pili ni kusafisha. Pale kwenye kidonda seli za kinga zinapigana, na kwa huo mpigano zinamwaga kemikali kali za oksijeni ambazo haziangalii adui ni nani, zinachoma kila kitu pamoja na seli zako nzuri. Melatonini inazinyonya hizo kemikali na pia inaamsha vimeng'enya vya mwili vinavyofanya kazi hiyohiyo.

Ya tatu, mwanzoni mwa utumbo mdogo, pale tumbo linamwagia, melatonini inafanya ukuta utoe baikaboneti zaidi. Baikaboneti ni jamaa wa ile magadi mnaweka kwa mboga ngumu ilainike, inaua ukali wa asidi. Watafiti wa Uppsala huko Uswidi wameifuatilia sana hii sehemu. Na kuna ya nne, ambayo ni kupandisha homoni za tumboni kama gastrini zinazosukuma seli mpya kuzaliwa.

Kwa hivyo ona tofauti na omeprazoli. Omeprazoli inafunga bomba la asidi, basi. Melatonini yenyewe inaimarisha ukuta. Ni kama nyumba inavuja, mmoja anasimamisha mvua na mwingine anapiga lipu. Ndio maana wanasayansi wakafikiria kuziweka pamoja badala ya kuzishindanisha.

Ni panya tu walijaribiwa ama kuna watu?

Mwanzo ilikuwa panya, miaka mingi, hasa Kraków nchini Poland ambako kuna watu wamefanya hii kazi kwa bidii sana, kina Konturek na Brzozowski. Panya wenye vidonda wakipewa melatonini walipona haraka.

Kisha wakaja watu. Kwanza walichukua watu wazima wenye afya wakawapa aspirini siku 11, na wengine wakapewa aspirini pamoja na melatonini ama triptofani, na matumbo ya hao wa pili yakaumia kidogo kuliko ya wenzao. Halafu mwaka wa 2011 ikatoka ile inayotajwa sana, ya kina Celinski, hukohuko Poland. Walikuwa wagonjwa 42, wote wana vidonda vya tumbo au vya utumbo mdogo na wote wana bakteria wa vidonda, nitakueleza kwa swali linalofuata. Wote walimeza omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku. Kundi moja la watu 14 likaongezewa melatonini miligramu 5 mara mbili, lingine triptofani miligramu 250 mara mbili, na la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Siku ya 21 wakamulikwa kwa kamera. Makundi mawili ya kwanza, vidonda vyote vilikuwa vimefunga. Kwa lile la tatu kuna wenye walikuwa bado.

Ni habari nzuri na mimi niliisoma mara mbili. Lakini rudi juu uangalie, watu 14 kwa kundi. Hapa kwangu nahudumia zaidi ya hao asubuhi moja. Na angalia tena, hakuna hata mmoja aliyepewa melatonini peke yake. Wote walikuwa kwa omeprazoli. Mtu akikuambia "melatonini iliponya wote" muulize, pamoja na nini?

Basi niache omeprazoli ninunue melatonini?

Hapana, tafadhali. Na hata omeprazoli pekee haitoshi kama una bakteria.

Zamani tuliambiwa alsa ni mawazo na pilipili. Mwaka wa 1984 daktari wa Australia anaitwa Barry Marshall alichoka kubishana na wenzake, akakunywa bakteria wenyewe, Helicobacter pylori, baada ya siku chache akaanza kutapika na tumbo likavimba ndani, kamera ikathibitisha. Yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Huyo mdudu ndiye chanzo cha vidonda vingi, na Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye, wengi tulimpata tukiwa watoto kwa maji, chakula na mikono. Si kila mwenye naye anapata kidonda, lakini mwenye kidonda na bakteria asipomtoa kidonda kitarudi. Na mdudu huyu akikaa miaka mingi anaweza kuleta saratani ya tumbo, hilo shirika la utafiti wa saratani la dunia lilishalisema tangu 1994.

Melatonini si antibayotiki. Mdudu anatolewa na mchanganyiko, mara nyingi dawa ya asidi pamoja na amoksisilini na klarithromaisini, siku 14. Na hapa naomba mnisikize vizuri, juu ndipo watu wananivunja moyo. Klarithromaisini inafanya mdomo uwe mchungu kama umelamba sarafu siku nzima, mtu anafika siku ya tano, tumbo limetulia, anaona ah, nimepona, anaweka zile zimebaki kwa droo. Wale wadudu wamebaki ndio wakali, na mara ingine dawa hiyo haitawashika. Maliza siku zote 14. Huo uchungu wa mdomo unaisha ukimaliza dawa.

Omeprazoli nayo meza kama nusu saa kabla ya kula asubuhi, si baada ya kushiba. Hii peke yake imesaidia watu wengi walikuwa wananiambia "hii dawa haifanyi kazi".

Mimi sina bakteria, nilipimwa. Kwa nini nina vidonda?

Unameza nini kwa maumivu?

Hili ndilo swali langu la kwanza siku hizi na jibu huwa lilelile, "kitu kidogo tu ya mgongo". Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, na zile pakiti za dukani za kichwa ambazo ukigeuza nyuma unakuta aspirini ndani. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, sasa kumbuka nilisema nini kuhusu prostaglandini, ndizo zinaleta damu na ute kwa ukuta wa tumbo. Ukizizima kwa goti umezizima na kwa tumbo. Hata sindano ya diklofenaki inafanya hivyo, watu wanafikiri ikipitia kwa matako haifiki tumboni, inafika, inapitia damu.

Nina sababu ya kuongea hivi. Mama yangu ameuza samaki Kibuye, Kisumu, tangu nikiwa shule ya msingi. Anaamka saa tisa usiku, anasimama kwa simiti mchana kutwa, na magoti yakaanza. Mtu akamwonyesha diklo. Alimeza moja asubuhi moja jioni karibu miaka miwili na mimi mwanawe niko huku Nakuru nauza dawa na sikujua, juu kwa simu alikuwa ananiambia tu "niko sawa, baba". Siku nimeenda nyumbani nikamkuta ameketi kwa kiti cha plastiki nje, midomo imekuwa rangi ya jivu. Nikamuuliza choo iko aje. Akaniambia cheusi, lakini ni osuga, ile mboga ya managu, amekula osuga wiki nzima. Haikuwa osuga. Choo cha damu ya tumbo ni cheusi cha kung'aa, kinanata kama lami, na harufu yake ukishaiskia mara moja hutaisahau. Aliongezewa damu usiku huohuo.

Kama unaumwa viungo muulize daktari kuhusu paracetamoli kwanza, hiyo haichomi tumbo vile. Na kama lazima umeze hizo kali, basi umeze na kitu cha kulinda tumbo, kwa maelekezo. Mwenye amepewa aspirini ya moyo asiiache kiholela pia, aende aulize aliyempa.

Nafanya shifti ya usiku. Hiyo inaweza kuwa imeniletea hii shida?

Inaweza kuchangia. Tafiti nyingi zimeona wafanyakazi wa shifti wanapata vidonda zaidi ya wenzao wa mchana. Sababu ni nyingi zimeshikana, kula saa mbaya, kahawa, sigara, usingizi mbovu, na ndani yake kuna hii ya mwanga. Tangu 1980 ilionyeshwa kwamba taa kali usiku inazima melatonini ya ubongo kwa binadamu.

Mimi huwaona kwa kaunta. Soja wa kutoka Section 58 saa kumi na mbili asubuhi, dereva wa lori amelala Salgaa masaa matatu tu, dada wa maua Naivasha ambaye msimu wa maua mengi wanapakia hadi usiku. Na kule kwetu ziwani kuna wavuvi wa omena, hao wanatoka usiku wa giza usio na mwezi, wanawasha taa juu ya maji omena wavutiwe, na wanakaa wameikodolea ile taa mpaka alfajiri bila kitu tumboni isipokuwa sigara na chai ya thamosi.

Siwezi kukuambia uache kazi. Nakuambia hivi. Ukifika nyumbani asubuhi lala gizani kabisa, funga dirisha na leso nzito, hata funika macho na kitambaa. Simu weka mbali na kitanda. Jaribu kulala saa zilezile kila siku. Usiku kazini beba chakula chako ule kidogo kidogo, si kungoja asubuhi ukajaze ugali sahani mbili halafu ulale hapohapo. Hii haikugharimu shilingi na mwili utatoa melatonini yake bila mtu kukuuzia.

Mbona tumbo linanichoma saa nane usiku na mchana niko poa?

Asidi ya tumbo ina ratiba, huwa juu kuanzia kama saa nne usiku hadi saa nane. Wakati huo hakuna chakula cha kuizuia. Kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo kinajulikana sana kwa hilo, kinakuamsha usiku, ukila kinatulia. Cha tumbo lenyewe mara nyingi ni kinyume, ukila ndio kinauma. Si sheria ya kukata, lakini mwambie daktari saa yenyewe, inamsaidia.

Na maziwa baridi? Yanatuliza dakika chache kisha yanaita asidi zaidi. Hayakuui, ila si dawa.

Chakula gani kinaongeza hii melatonini?

Unachotafuta ni triptofani, na uzuri yake iko kwa chakula chetu cha kawaida. Mayai, maziwa na mala, maharagwe, ndengu, njugu karanga, kuku, samaki. Omena hasa, ile mnaidharau ati ni ya kuku, ina protini kuliko vitu vingi mnalipia pesa. Iloweke kwa maji moto, ioshe vizuri mchanga utoke, ipike na nyanya na maziwa kidogo badala ya kuikaanga mpaka iwe kama misumari, na mtu wa vidonda anaila bila shida.

Lakini tusidanganyane, sahani ya omena haifiki kile kipimo cha utafiti na haitafunga kidonda. Inalisha mwili unaojenga ukuta mpya, hiyo ni kazi tosha.

Pilipili haileti kidonda, inakuchoma tu ukiwa nacho. Ukiona kitu kinakuumiza kiache, ukiona hakikuumizi kula. Kuna watu wamekonda kwangu hapa juu waliambiwa na majirani wasile maharagwe, wasile ndengu, wasile machungwa, wasile chai, mpaka wakabaki na viazi.

Sigara, pombe, muguka?

Sigara inachelewesha kidonda kupona, hiyo haina ubishi, tena inashusha melatonini. Chang'aa inachoma ukuta moja kwa moja. Muguka inaua hamu ya kula na usingizi, hivyo unaharibu mara mbili. Kama uko kwa dozi na ndani yake kuna antibayotiki inaitwa metronidazoli, pombe hata tone usijaribu.

Nikiamua kutumia melatonini, nimeze kiasi gani?

Kipimo nimekwambia, cha ule utafiti wa vidonda kilikuwa miligramu 5 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, juu ya omeprazoli. Kuna utafiti mwingine wa 2007 wa watu 60 wenye tumbo la kusumbua bila kidonda, walitumia miligramu 5 usiku kwa wiki 12 na zaidi ya nusu ya waliomeza melatonini shida iliisha kabisa. Lakini hizo si dozi za mimi kukupimia hapa ukiwa umesimama, hizo umpelekee anayekutibu. Hii si dawa iko kwa mwongozo wa kawaida wa kutibu alsa.

Halafu kuna shida ya chupa yenyewe. Nchi kama Marekani inauzwa kama nyongeza ya chakula, na Canada mwaka wa 2017 walipima aina 31 za madukani wakapata kuna zenye melatonini chini ya kilichoandikwa kwa asilimia 83 na zingine zimezidi kwa asilimia 478, na 8 kati ya hizo zilikuwa na serotonini ndani ambayo haikuandikwa popote. Kwa hivyo ile chupa binamu amekutumia kutoka ng'ambo, ama ile inauzwa kwa begi hapo stage, hujui umemeza nini. Nunua kwa kemisti iliyosajiliwa au usinunue.

Nani hafai kuigusa kabla ya kuongea na daktari?

Mwenye anatumia nifedipini ya presha, na hao ni wengi sana hapa kwetu, melatonini imeonekana kupandisha presha yao. Mwenye yuko kwa wafarini ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumtoa damu, sasa fikiria na kidonda tumboni. Dawa ya mfadhaiko inaitwa fluvoksamini inaipandisha mwilini kupita kiasi. Vidonge vya kupanga uzazi pia vinaiongeza. Mama mjamzito na anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia, mwenye amewekewa figo, na mtoto, wote hao waulize kwanza.

Na wewe wa boda ama matatu. Hii kitu inaleta usingizi, hilo ndilo linajulikana kuihusu kuliko kitu kingine chochote. Kumeza ile ya asubuhi kisha ushike barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hapana. Wengine inawapa kichwa kuuma, kizunguzungu ama kichefuchefu.

Stresi inaleta alsa ama hapana?

Peke yake mara chache. Inafungua mlango. Mtu mwenye mawazo hali vizuri, halali, anavuta, anameza dawa za kichwa. Yule aliyeungua vibaya ama yuko chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kupata vidonda vya msongo wa mwili, hiyo ni kitu tofauti na kudaiwa rent.

Nilimaliza dozi, nikapimwa damu, bado inasema niko na bakteria!

Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili, na askari hubaki kambini miaka hata adui akishaenda. Usinunue dozi nyingine kwa sababu ya hicho. Omba kipimo cha choo ama cha pumzi, ungoje angalau wiki 4 baada ya antibayotiki na uwe umeacha omeprazoli wiki 2, la sivyo kinaweza kukudanganya uko sawa.

Ni lini niache kusoma niende hospitali?

Choo cheusi kama lami. Kutapika damu, ama kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Maumivu ya ghafla ya kukukunja na tumbo likawa gumu kama ubao. Kizunguzungu ukisimama na moyo unakimbia. Hizo ni za saa hiyo, usiku ama mchana, usingoje matatu ya asubuhi.

Kukonda bila sababu, kukosa damu, na chakula kukwama ukimeza ni za wiki hii. Hii ya kukwama naisisitiza kwa watu wa Bonde la Ufa na magharibi, juu saratani ya koo la chakula imetuzidi huku, hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiwaona wagonjwa hao miaka mingi. Inaanza na ugali kukwama, mtu anasukuma na maji, baadaye ni uji tu unapita, na wakati wote huo ananunua dawa ya asidi. Ukiwa na zaidi ya miaka 50 na tumbo limeanza juzi, omba kamera. Unalala njaa usiku, wananyunyizia koo dawa ya ganzi, mrija unaingia, dakika chache umemaliza. Inasumbua, sitakuficha, lakini ndiyo inaona.

Kidonda kinachukua muda gani kupona?

Kwa dawa sahihi wiki 4 hadi 8. Maumivu yanaisha mapema sana kabla kidonda hakijafunga, ndiyo maana watu wanaacha dawa. Kikiwa ni cha tumbo lenyewe si cha utumbo, daktari mara nyingi atataka kukumulika tena ahakikishe kimefunga, kwa sababu saratani ya tumbo inaweza kuvaa sura ya kidonda cha kawaida.

Na mama yako, ulimpa melatonini?

Mmeniuliza hili mara nyingi tangu nilipoanza kuwasimulia. Sikumpa. Alimulikwa, alikuwa na kidonda kimoja na bakteria juu yake, akameza zile siku 14 akilalamikia mdomo kila jioni kwa simu, akaacha diklo, akaendelea na omeprazoli mpaka kamera ya pili ikaonyesha kovu dogo jeupe. Ana presha na anatumia nifedipini, kwa hivyo hata kama ningetaka ningeogopa. Kitu kimoja tu nilibadilisha nikitoka huko usomaji wangu wa melatonini, balbu ya chumba chake ilikuwa inawaka usiku kucha kwa sababu ya panya, nikanunua paka. Sasa analala gizani kuanzia saa mbili, na Kibuye anafika saa kumi na mbili badala ya saa kumi, samaki analetewa na kijana wa jirani.